Ndoo Iliyofinyangwa

"Udongo nikishauchoma haurudi tena kuwa udongo, hata niulilie. Hii plastiki inarudi kila ninapoipasha moto. Kwa nini?"

Bibi aliniuliza hivyo akiwa amechuchumaa mbele ya ndoo yake ya bluu, mikono ameizungushia kanga iliyolowa, majivu yamempanda hadi kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma kemia pamoja na ualimu, na nilikuwa na tabia ya kuuliza maswali mpaka watu wananikimbia. Siku hiyo niliulizwa mimi, na sikuwa na jibu.

Nieleze jinsi tulivyofika mbele ya ndoo hiyo.

Baba yangu, ambaye ni mtoto pekee wa bibi aliyebaki hai, alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe. Mama ni Mshambaa wa milimani. Walikutana sokoni, na baba hakurudi tena kuishi Handeni. Tulikaa nyumba ya bati yenye bomba la maji nje ya mlango. Kwa baba bomba hilo lilikuwa sababu tosha ya mtu yeyote duniani kuhamia kwetu. "Mama yangu anatembea saa nzima kufuata maji, na mimi hapa nafungua koki," alikuwa akisema, na kila aliposema hivyo aliitazama ile koki kwa hasira, kama vile ndiyo iliyomkosea.

Mwaka ule mvua za vuli zilikosa. Nilikuwa likizo nyumbani pale mtu mmoja aliyetoka Kang'ata, kijijini kwa bibi, alipopita kutusalimia na kutupa habari: bibi yuko mzima, mihogo imenyauka, na ndoo yake imepasuka.

"Basi," baba akasema. Alisema neno hilo moja, akaenda kuleta begi lake kubwa la safari, akaliweka miguuni pangu. "Hana ndoo, na kwa uhaba huu madukani hakuna ndoo, si huku wala Tanga. Nenda kamchukue."

"Umemuuliza kama anataka?"

"Nimuulize nini? Mtu anaulizwa kama anataka maji?"

"Anaulizwa kama anataka kuhama."

"Wewe," baba akasema, "nilikupeleka chuo ukasome, hukwenda kuwa hakimu."

Nikalichukua begi. Ndani niliweka kanga mbili na kitabu, likabaki limelegea kama gunia tupu, kwa sababu lilitakiwa kurudi na vitu vya bibi. Nilipanda basi mpaka Handeni mjini, nikalala hapo hapo Chanika, na asubuhi nikapata lori la ushirika lililokuwa linapeleka mbegu vijijini. Dereva aliniambia atapita tena kurudi keshokutwa asubuhi, na kwamba yeye hapigi honi mara mbili.

Bibi alikuwa mfinyanzi. Nasema alikuwa, ingawa hakuwahi kukubali kwamba ameacha. Kwenye makazi yao ya zamani nyumba yake ilikuwa karibu na kijito kinachokauka, na kingo za kijito hicho zilikuwa na udongo mweusi ambao aliufahamu kama mtu anavyofahamu watoto wake: upi wa chungu cha kupikia, upi wa mtungi, upi haufai kitu. Kisha wakahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Nyumba zikapangwa kwenye mstari, shule ikajengwa, duka likafunguliwa, shamba la pamoja likalimwa. Chuoni tulikuwa tunabishana kuhusu vijiji hivyo mpaka wengine wanarushiana vitabu, kundi moja likisema ni ukombozi na jingine likisema ni amri tu, na nilipokuwa nasikiliza niliona kwamba pande zote mbili hazijawahi kukaa kwenye kiti cha bibi. Yeye alikuwa amekipenda kijiji kwa mambo mengi. Alipenda kusikia watoto wakiimba shuleni asubuhi. Alipenda kuwa na jirani wa kugombana naye bila kulazimika kutembea. Lalamiko lake lilikuwa moja, na alilisema mbele ya mwenyekiti wa kijiji bila kupandisha sauti: "Mlihamisha watu, udongo mkausahau."

Kutoka kijijini mpaka kwenye udongo ule ilikuwa mwendo wa nusu siku. Akafinyanga kidogo, halafu kidogo zaidi, kisha baba akamletea ndoo ya bluu kutoka Tanga.

Naikumbuka siku hiyo kwa sababu nilikuwepo, nikiwa bado sekondari. Bibi aliipokea ndoo, akaigonga kwa kifundo cha kidole kama alivyogonga kila chungu baada ya kukitoa motoni, akaiinamia kusikiliza. Chungu kizima hulia. Ndoo haikulia.

"Hii imekufa," akasema.

Lakini kesho yake akaenda nayo kisimani, na aliporudi hakuuchukua tena mtungi kwenda nao huko. Mtungi una uzito wake kabla hujautia maji, na shingo ya bibi ilikuwa imeanza kuzeeka kabla yake mwenyewe. Kuanzia hapo mtungi ulikaa ndani kupoza maji, na ndoo ya bluu ndiyo ikawa inatembea. Nilimcheka. Nikamwambia mfinyanzi amesalitiwa na kichwa chake mwenyewe. Akaniambia nikamwulize aliyebuni plastiki kama mama yake alikuwa anabeba maji.

Kwa hiyo nilijua ndoo ile ni nini kwake. Akiwa nayo, alikuwa mzee anayeishi nyumbani kwake. Bila ndoo, alikuwa mzee anayeombewa maji.

Nilimkuta amekaa kizingitini anachambua mbaazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kunichukua?"

Sikuwa hata nimeketi. "Nani amekwambia?"

"Mwanangu hatumi mtu na begi tupu bila sababu."

Nikacheka. Akanipa maji kwenye kata, maji nusu kata, akanitazama ninavyokunywa mpaka tone la mwisho. Hapo akatokea jirani yake, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye tangu ndoo ipasuke alikuwa akimletea bibi nusu debe kila asubuhi.

"Afadhali mjukuu umekuja," jirani akasema. "Mchukue bibi yako akanenepe Korogwe. Ataoga mara mbili kwa siku kama bata."

"Unataka kiwanja changu cha nyuma upande mbaazi," bibi akamjibu bila kuinua macho.

"Ndiyo nakitaka! Wewe unakifanyia nini? Umekijaza vigae."

Alipoondoka bibi akaniambia kwa sauti ndogo, "Mtu mwema sana yule. Ananiletea maji na maneno, na siwezi kupokea kimoja nikaacha kingine." Akapepeta mbaazi, akapuliza makapi. "Lori linarudi lini?"

"Keshokutwa asubuhi."

"Basi sikiliza. Ndoo ikipona kabla ya keshokutwa, utarudi na begi lako na salamu zangu. Isipopona, nitaingia mwenyewe ndani ya begi, na hutanisikia nikilalamika."

Nilikubali haraka. Mpaka leo sijui nilikuwa upande gani. Nilimtaka Korogwe, kwa uchoyo tu, nirudi kutoka chuo nimkute pale kwenye koki. Papo hapo nilikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kimeharibika akaacha kujaribu kuonyesha kwamba anajua kukitengeneza.

Ndoo ilikuwa juu ya uchanja wa vyombo, imefunikwa mdomo chini, mahali ilipokuwa ikianikwa miaka yote. Jua lilikuwa limeula ubluu wake upande mmoja mpaka ukawa kama rangi ya jivu, na upande huo ndio uliopasuka, ufa kutoka ukingoni mpaka karibu na kitako. Kipande cha ukubwa wa kiganja kilikuwa kimemeguka juu. Bibi alikuwa amekitunza ndani ya kikapu pamoja na vigae vya vyungu vyake.

Sokoni Korogwe nilikuwa nimeona fundi anayeunga viatu vya plastiki kwa kisu cha moto. Nikaona hakuna jambo gumu hapo. Bibi alikuwa na kiatu kikuukuu cha plastiki, cha mguu mmoja tu, cha pili kilipotea walipohama. Nikakata utepe kutoka kwenye kiatu, nikakitia kisu kwenye makaa.

"Umenusa?" bibi akauliza.

"Ninuse nini?"

"Choma kidogo cha huku, choma kidogo cha kule, unuse. Kama havinuki sawa, acha."

"Bibi, plastiki ni plastiki."

"Na udongo ni udongo?"

Niliyeyusha utepe juu ya ufa, nikaukandamiza kwa ubapa wa kisu. Ukatoa moshi mweusi mchungu uliotukohoza wote wawili, ukashika vizuri, ukang'aa. Nilijisikia fundi. Ulipopoa bibi akaingiza ukucha kwenye ncha, akavuta, na utepe wote ukatoka mzima kama ganda la kidonda kilichopona.

"Hawa si ndugu," akasema, akanirudishia. Alinieleza, bila kejeli, kwamba ukiziba ufa wa chungu kibichi kwa udongo wa kijito kingine, utakubali mkononi na utakataa motoni. Nilimwuliza amejuaje kwamba plastiki nayo iko hivyo. Akasema hajui, alikuwa anauliza tu, ndiyo maana aliniambia ninuse. Mimi niliyekuwa najisifu kwamba siamini kitu kabla ya kukipima, ndiye niliyekuwa nimekataa kupima.

Kesho yake, siku ya mwisho kabla ya lori, akasema ni zamu yake.

Kwa kina bibi, kufinyanga kuna masharti. Mwanamume hakaribii mahali pa kuchomea. Na moto ukishawashwa hauongeleshwi; mfinyanzi na walio karibu naye wanafunga midomo mpaka vyungu vitoke. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napelekwa kwa jirani siku za kuchoma, kwa sababu iliyo wazi. Sasa nilikuwa mtu mzima, akaniruhusu kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa, hatua kumi kutoka motoni.

Alitandaza makaa mapana nyuma ya nyumba, akayanyunyizia majivu kuyapunguza makali, akapanga mawe matatu, akaiweka ndoo mdomo chini juu yake. Ndivyo alivyokuwa anapasha vyungu vibichi kabla ya kuvichoma, ili unyevu utoke polepole na ufa usiongezeke. Alikuwa anaipasha ndoo kama chungu. Baada ya hapo alikusudia kuufunga ufa kwa kile kipande kilichomeguka, ndugu wa damu, na kisu cha moto.

Nilivumilia kidogo.

"Bibi, kwa nini moto hauongeleshwi?"

Kimya.

"Ukiongeleshwa unafanya nini?"

Kimya. Mgongo wake tu.

"Maana hii ndoo imetoka kiwandani. Wenzako waliiunda kwa mashine, wanapiga kelele siku nzima. Haina mwiko hii."

Akainuka. Alishika goti moja, akashika la pili, akaja mpaka kwenye kinu, akanikamata sikio kama nina miaka saba. "Ndoo haina mwiko," akasema. "Nyumba yangu inao." Nami badala ya kuomba radhi nikaanza kubishana, sikio likiwa mkononi mwake, kwamba mwiko usioelezeka ni amri tu, na yeye akasema kwamba mimi ndiye nisiyeelezeka, na kwamba baba yangu alikuwa mtoto mkimya sana na anashangaa hii midomo nimeitoa milimani kwa mama yangu. Sijui tulibishana muda gani. Tulipogeuka, ndoo ilikuwa imepiga magoti.

Upande mmoja ulikuwa umeshuka juu ya jiwe, mdomo umepinda, ufa umefunguka ukawa mpana kama kinywa. Bibi alikimbia, na sikuwahi kumwona akikimbia, akaivuta kwa kijiti kuitoa kwenye makaa.

"Unaona?" akasema.

"Ni muda, bibi! Imekaa motoni muda mrefu kwa sababu uliondoka."

"Na niliondoka kwa sababu gani?"

Hoja hiyo bado inanisumbua.

Kutoka ng'ambo ya ua jirani alikuwa amesikia harufu. "Jamani, leo mnapika ndoo? Imeiva? Mmetia chumvi?"

Bibi alikuwa amesimama anaitazama ndoo, halafu akaitazama nyumba, polepole, kuanzia kwenye paa mpaka kwenye kizingiti, na hapo ndipo nilipotamani ndoo ile ipone. Mpaka dakika ile nilikuwa nacheza. Nikafungua mdomo kusema kwamba bomba la Korogwe lina maji matamu, nikaufunga.

Akaigusa ndoo kwa kile kijiti. Kijiti kikazama, na alipokitoa alama ilibaki. Akaigusa tena mahali pengine. Kisha akavuta pindo la kanga, akafunika kidole gumba, akakandamiza, na plastiki ikafuata kidole chake kama unavyofuata udongo.

"Leta mtungi," akasema. "Na kanga ya pili, uiloweshe."

"Maji yaliyobaki ndiyo hayo ya jirani tu."

"Nimesema uiloweshe."

Nikailowesha kwa maji yote tuliyokuwa nayo. Akazungushia viganja, akaupindua mtungi mdomo chini, akaivika ile ndoo laini juu yake, kitako juu ya kitako, na akaanza kuifinyanga. Sina neno jingine. Alipigapiga kwa viganja kuanzia kitakoni kuja chini, anazunguka mwenyewe badala ya kuzungusha chombo, kama alivyozunguka maisha yake yote. Midomo ya ufa akaipandisha mmoja juu ya mwenzake, akaweka kile kipande juu yake, akapitisha kisu cha moto, akasugua kwa gunzi la muhindi mpaka mshono ukalala. Vyote vilinuka kama mshumaa uliozimwa, harufu moja, huku na kule.

Katikati ya kazi ikagoma. Ilikuwa imepoa, imekuwa ngumu, na upande mmoja haujakaa sawa. Nikaona mikono yake inashuka. Kwa mfinyanzi, kilichokauka kwa moto kimekwisha. Unakubali ulichopata au unavunja. Mimi ndiye niliyesema, kwa sababu hicho angalau nilikijua, "Irudishe motoni. Italegea tena."

"Mara ya pili?"

"Hata ya tano."

Aliinyanyua akaisogeza juu ya makaa, mimi nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, na ikalegea. Akakandamiza. Ikapoa, ikagoma, akairudisha. Ikalegea. Mara ya tatu alikuwa anatabasamu, na alipokuwa ameishikilia mikononi ikianza kuwa ngumu ndipo aliponiuliza lile swali la udongo na plastiki.

"Plastiki za namna hii," nikasema, "hulainika zikipata joto, na huwa ngumu zikipoa."

"Hilo nimeliona. Nimeuliza kwa nini."

"Ni molekuli zake, bibi."

"Nani?"

"Molekuli. Vitu vidogo sana ambavyo..." Nikakwama. Nilikuwa nimeandika neno hilo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri, na sasa nilikuwa mbele ya mtu aliyetaka kujua, na nilikuta nyuma ya neno hakuna kitu. "Sijui, bibi."

"Haya," akasema bila kunicheka. "Ukijua uniambie."

Ndoo iliyotoka pale ilikuwa mbaya kuliko ndoo zote nilizowahi kuona. Bega moja lilikuwa juu. Kitako kilikuwa kimeviringika kama cha mtungi, kwa hiyo haikusimama bila kuwekewa ngata. Mshono ulikuwa kovu refu, na pande zote kulikuwa na alama za vidole gumba. Bibi akaigonga, akasikiliza.

"Bado imekufa," akasema. "Lakini itafanya kazi."

Hatukuwa na maji ya kuijaribia. Yalikuwa yameishia kwenye kanga.

Asubuhi ya lori tuliondoka mapema kwenda kisimani. Begi nililiacha mlangoni, limefunguliwa, kwa sababu hakuna aliyejua kitakachoingia. Kisimani foleni ilikuwa ndefu, ndoo na madebe yamepangwa kwenye mstari na wenyewe wamekaa kivulini. Bibi aliweka chombo chake kwenye mstari, na mstari mzima ukageuka.

"Bibi, ndoo imepata mimba?"

"Imeanguka kutoka kwenye ndege hiyo."

"Msicheke, ni chungu cha bluu. Bibi amepata udongo wa bluu!"

"Nitawafinyangia na ninyi," bibi akawaambia, "leteni zenu zilizopasuka, na kila mtu aje na mdomo uliofungwa." Wakacheka wakaegemeana. Nilikuwa nimeogopa kicheko hicho usiku kucha, na nilipokisikia nikakuta ni cha watu wanaomjua.

Zamu yake ikafika. Nikachota, nikamimina, taratibu, mpaka nusu, mpaka karibu na ukingo. Watu wakasogea. Kwenye mshono, karibu na kitako, likatokea tone moja. Likakua, likaning'inia, likadondoka. Bibi akaweka kidole gumba pale, akapafuta kwa kanga, akasubiri. Sisi sote tukasubiri. Mimi, nisiyeamini miko, sikutamka neno.

Tone la pili halikuja.

Akajitwisha. Nilitembea nyuma yake saa nzima, macho kwenye kile kitako cha bluu, kama askari anayemfuata mtuhumiwa, na sikuona hata tone. Tulifika nyumbani lori likipiga honi barabarani. Bibi akamimina maji ndani ya mtungi, akajaza begi la baba mbaazi kavu na viazi vichache ili lisirudi tupu, akanisindikiza.

"Mwambie mwanangu nimepona," akasema, kama vile yeye ndiye aliyekuwa amepasuka.

Korogwe baba alikuwa ameshasafisha chumba. Alilitazama begi, akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Ndoo imepona."

"Ndoo ya plastiki haiungwi kwa moto wa kuni."

"Nimeona kwa macho yangu. Imebeba maji saa nzima."

"Umeona siku moja," baba akasema. Fundi ni fundi. Akaenda kufungua koki, akanawa uso.

Jibu la swali la bibi nilikuja kulipata kwenye maktaba ya chuo, kisha nikalielewa Korogwe. Nilikuwa nimempelekea baba chakula kiwandani, nikasimama mbele ya singa za mkonge zilizokwisha kupigwa brashi, nyuzi ndefu zimelala ubavu kwa ubavu bila fundo. Ukivuta moja inateleza kati ya wenzake. Plastiki ile iko hivyo: nyuzi ndefu mno zisizofungwa pamoja, joto likija zinateleza, baridi ikija zinatulia pale zilipofika. Udongo ni habari nyingine. Una maji ndani ya mwili wake, si yale ya kuulowesha, na moto ukishayafukuza, chembe zinashikana na hakuna namna ya kuyarudisha. Likizo iliyofuata nilikwenda Kang'ata nikamweleza bibi yote, na singa nikabeba mkononi kwa mfano.

Alizivuta, akaziachia, akazivuta. "Mwaka mzima," akasema, "kwa swali moja?" Lakini zile singa alizifunga kwenye pindo la kanga yake.

Kovu la ndoo lilikuwa pana kuliko nilivyolikumbuka. Akasema huipasha moto tena inapochoka. Kwa kuwa sikuweza kujizuia, nikamwambia kwamba kila inaporudi motoni inapoteza nguvu kidogo, zile nyuzi zinakatika.

"Na mimi je?" akasema.

Aliishi kwenye nyumba ile miaka mingine saba, na alifia humo, mchana, jirani akiwa amemshika mkono na akimsema.

Baba hakuwahi kunieleza kwa nini aliacha kumdai ahamie kwetu. Nilidhani nilimshinda kwa hoja. Aliniambia juzijuzi tu, akiwa ameshastaafu, tumekaa nje na mazungumzo yamekwenda huko yenyewe. Wiki mbili baada ya mimi kurudi na mbaazi, aliomba ruhusa kazini, akapanda lori kwenda Kang'ata kumchukua mama yake mwenyewe, bila kumwambia mtu. Kwenye njia ya kisima alimwona kwa nyuma, yuko katikati ya wanawake wenzake, ndoo ya bluu kichwani. Ilikuwa inavuja vibaya. Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni mpaka kiunoni, gauni lote limegandamana na mgongo, na alikuwa anacheka kwa sauti mpaka mabega yanatikisika. Baba hakumwita. Alirudi barabarani akasubiri lori lipite.